Mzigo Usioandikwa: Ulevi na Dawa za Kulevya kutoka Arua hadi Oraba

Kijana wa bodaboda akiletwa kituo cha afya usiku, mguu umevunjika na mdomo unanuka waragi, mhudumu wa zamu wilayani Koboko huandika jambo moja tu kwenye daftari: ajali ya barabarani. Mama akija asubuhi jicho limevimba, huandikwa jeraha. Mzee aliyejaa maji tumboni huandikwa ugonjwa wa ini, na akifia nyumbani, kama wanavyofia wengi, haandikwi popote. Mwisho wa mwezi daftari linajumlishwa kwenye fomu ya HMIS 105. Fomu inakwenda wilayani, ya wilayani inakwenda Kampala, na za Kampala zinaingia kwenye makadirio ya dunia. Katika safari hiyo ndimo ulevi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, unamopotelea.

Makadirio yenyewe yanatisha. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, ilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 292 walitumia dawa za kulevya, na milioni 64 kati yao walishafika hatua ya kuugua kutokana na matumizi hayo. Karibu milioni 14 walikuwa wakijidunga sindano. Kati ya kila wagonjwa 11 ni mmoja tu aliyepata matibabu. Kwa wanawake hali ni mbaya zaidi, mmoja kati ya 18. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, lilihesabu vifo 600,000 vya dawa za kulevya kwa mwaka 2019, na vifo milioni 2.6 vya pombe kwa mwaka huohuo. Tazama namba hizo mbili kwa pamoja. Pombe, inayouzwa halali karibu kila mahali, ilizika watu mara nne zaidi.

Hata hivyo wataalamu wanaopima mzigo wa magonjwa duniani huziweka mbalimbali. Kipimo wanachotumia, kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Christopher Murray na Alan Lopez, hujumlisha miaka iliyopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu aliishi akiwa mgonjwa. Katika jedwali lao, «dawa za kulevya» ni heroini na jamii yake, kokeini, amfetamini, bangi na nyinginezo. Pombe ina mstari wake, tumbaku ina wake. Heroini hupewa uzito mkubwa, bangi mdogo. Ukichora ramani kwa hesabu hiyo, Marekani inawaka nyekundu, na haki yake: mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walikufa huko kwa kuzidisha dozi, wengi kwa fentanili. West Nile inabaki rangi hafifu. Anayeitazama ramani hiyo akiwa Geneva au New York ataona kona ya Uganda isiyohitaji haraka.

Rangi ile hafifu ina ukweli ndani yake, na ina upofu pia. Ni kweli kwamba heroini haijaenea Arua kama ilivyoenea Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Lakini mahali ambapo vifo vingi havisajiliwi na sababu zake, namba za wataalamu hujazwa kwa hesabu za kukisia kutoka nchi jirani na nchi zinazofanana. Na pale ambapo watu hawachagui kilevi kimoja, wakanywa waragi usiku, wakatafuna mairungi (miraa) asubuhi ili wakae macho na kuvuta bangi mchana ili watulie, kuutenga mstari wa pombe na mstari wa dawa ni kumkata mgonjwa vipande viwili na kumpima nusu.

Kwa hiyo ukitaka kuujua mzigo wa Arua na Koboko, anza na pombe.

Zamani, na hata leo kwenye sherehe na kazi za ujima, kinywaji cha West Nile ni kwete, pombe nzito ya mahindi na kimea inayoshibisha kama uji. Kwete haihifadhiki. Hunywewa na watu waliokaa pamoja, na mtu hulewa polepole. Waragi ni jambo jingine. Unga wa muhogo na kimea, au molasi na hamira, huachwa siku kadhaa ndani ya pipa uchachuke. Kisha huchemshwa kwenye pipa la chuma lililozibwa kwa udongo ili mvuke usitoroke. Mvuke hupita kwenye bomba la shaba lililolazwa ndani ya maji, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone ndani ya dumu la plastiki. Kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni ya wanawake. Pipa moja hulipa karo ya muhula, hununua sabuni na chumvi, humpeleka mtoto hospitali. Mwanamke huyohuyo anayekesha kando ya moto ndiye mara nyingi atakayepigwa na mume aliyekunywa mali ya jirani yake. Nimesoma mipango mingi ya kupambana na pombe haramu, na karibu yote humkuta mama huyu mwishoni tu, polisi wanapomwaga pipa lake. Hakuna anayemuuliza atalipa karo kwa kitu gani kesho.

Serikali ya kikoloni na ile ya uhuru zote zilijaribu kuidhibiti waragi. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwataka wapikaji wawe na leseni na wauzie kiwanda, na kiwanda kikaisafisha na kuitia chupani. Mpango huo haukuwafikia wapikaji wa vijijini, ila ulizaa chapa maarufu. Kisha zikaja zama za vifuko. Kifuko kidogo cha plastiki chenye waragi kali kiliuzwa kwa bei ya maandazi, kikaingia mfukoni mwa sare ya shule, kikanywewa kwa mafunda mawili nyuma ya choo. Mwaka 2019 Uganda ilivipiga marufuku, na ikakataza kufunga pombe kali katika ujazo ulio chini ya mililita 200. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua moja ya kiafya ya miaka ya karibuni iliyogusa ulevi wa maskini moja kwa moja, kwa sababu iligusa bei ya kuanza kulewa. Lakini marufuku ya Uganda inaishia kwenye vituo vya mpakani vya Vurra, Lia na Oraba. Ng'ambo ya pale kuna sheria nyingine.

Marufuku ilifunga mlango mmoja, lakini mahitaji yalibaki palepale. Agosti 2022, ndani ya Jiji la Arua na wilaya jirani ya Madi-Okollo, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa jini ya chupa iliyoshukiwa kuwa na methanoli. Inafaa kueleza sumu hii inavyofanya kazi, maana ujuzi huu ungeokoa baadhi yao. Methanoli yenyewe inalewesha kama pombe ya kawaida. Saa kadhaa baadaye ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na kuivuruga damu. Mtu anaamka akidhani ana uchovu wa jana. Kichwa kinauma, tumbo linasokota, macho yanaona ukungu. Anayefikishwa hospitali mapema anaweza kupona, kwa dawa maalumu au hata kwa etanoli inayotolewa kwa kipimo na daktari ili kuizuia methanoli isigeuzwe. Anayelala «apumzike kidogo» hupofuka au hafiki jioni. Methanoli ya kiasi hicho mara nyingi haitoki kwenye pipa la mama wa kijijini. Huongezwa na mfanyabiashara anayetafuta ukali kwa gharama ndogo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi nchini Uganda ana tatizo la kiafya linalotokana na unywaji. Soma hiyo kwa kiwango cha kijiji: katika ukoo wa watu wazima thelathini, watatu.

Mairungi na bangi nitazipitia kwa haraka, kwa sababu kelele zinazopigwa juu yake ni kubwa kuliko madhara yake zikipimwa kando ya pombe. Mairungi hulimwa hasa upande wa Butambala na Wakiso, na majani yake hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana biashara yake ni ya mbio. Madereva wa masafa marefu na vijana wa pikipiki huitafuna ili usingizi usiwachukue. Kenya imeitambua miraa kuwa zao rasmi la biashara. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Umoja wa Mataifa unadhibiti kemikali zilizomo bila kuutaja mmea wenyewe. Uganda iliiweka kwenye Sheria ya Dawa za Kulevya ya 2015, Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima Mei 2023 kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi, na Agosti mwaka huohuo Bunge likaipitisha upya, mairungi ikiwemo. Bangi nayo si jambo dogo kwa kijana wa miaka kumi na sita ambaye ukoo wake una historia ya ugonjwa wa akili. Kwake inaweza kufungua mlango wa kusikia sauti na kushuku kila mtu. Lakini anapokamatwa na msokoto, anayempokea kwanza ni askari, na huko seli hakuna anayepima kama sauti zimeanza.

Ninalolisisitiza hapa ni hesabu ya vifo na vilema, wala siandiki kuitetea mairungi au bangi. Nchi iliyopitisha sheria ya mairungi mara mbili ilishindwa kupitisha sheria mpya ya pombe hata mara moja. Muswada uliopelekwa na mbunge Sarah Opendi wa Tororo, uliotaka kupunguza saa za kuuza na kuzuia pombe isiwafikie watoto, ulikataliwa Bungeni Novemba 2024. Hoja zilizouangusha zilikuwa za kodi, ajira na uhuru wa mnywaji. Uzito wa hoja hizo naujua. Gharama iliyo upande wa pili wa mizani haikupata namba za kuweka mezani, kwa sababu ilishaandikwa kama ajali, jeraha na ini.

Koboko ni mahali pa pekee kuiangalia hali hii. Pale Salia Musala nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, zinakutana, na Wakakwa wako katika zote tatu, mashamba na makaburi yao yakivuka mipaka. Lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, imeyaunganisha masoko ya Kongo na ya Sudan Kusini kwa njia moja. Barabara kama hii huleta dawa za hospitali, huleta simu na nguo, na huleta pia lotoko, pombe kali ya Kongo, kutoka ng'ambo na vidonge vya maumivu na usingizi vinavyouzwa bila cheti. Madereva hulala njiani, na palipo na madereva waliolala njiani pana baa, na palipo na baa pana wasichana waliotoka kwenye kambi za wakimbizi kutafuta chakula. VVU huenda pamoja na ulevi kwa njia mbili: mlevi husahau kujikinga, na mlevi aliyeambukizwa husahau kumeza vidonge vyake. Huyu wa pili naye anaonekana kwenye takwimu kama mgonjwa aliyeacha dawa tu.

Kisha kuna vita. Hakuna familia Arua au Koboko ambayo haina mtu aliyekimbia. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin, mwenye asili ya hapa, mwaka 1979, wanajeshi walilipiza kisasi kwa watu wa West Nile, na Juni 24, 1981 raia waliojificha kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa kwa risasi na mabomu. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan. Miaka thelathini na mitano baadaye mkondo ukageuka. Mapigano ya Juba, Sudan Kusini, ya Julai 2016 yalipoifikia Equatoria, watu wa Yei na vijiji vyake walimiminika kupitia Oraba. Kambi ya Bidi Bidi huko Yumbe ilifunguliwa Agosti mwaka huo, na ndani ya miezi michache ilikuwa na watu zaidi ya 270,000. Rhino Camp na Imvepi zikajaa. Lobule, ndani ya Koboko, tayari ilikuwa ikiwapokea Wakongo.

Fikiria mwanamume wa Yei aliyekuwa na ng'ombe, shamba na kauli mbele ya wanawe. Amepewa kipande cha mita 30 kwa 30. Mgawo wa chakula unaandikwa kwa jina la mkewe. Siku ni ndefu, kazi hakuna, na usiku ndipo picha za njiani zinaporudi. Waragi ya muhogo iko hatua mia moja, bei yake ni sahani ya maharage. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilipoondoa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwenye mgawo kwa kukosa fedha, wapo waliotarajia kwamba angalau ulevi ungepungua, kwa kuwa mtu hana cha kuuza. Mtu aliyekwisha shikwa na pombe huuza sufuria.

Na akiacha ghafla, ndipo hatari mpya inapoanza. Jambo hili linaua watu wasiostahili kufa, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akifungwa jela au akiishiwa pesa au akiamua kwa nia njema kuacha, huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne kuona wadudu ukutani, kuzungumza na watu waliokufa, kutokwa jasho na kupandwa na homa. Nyumbani watasema amerogwa, au mizimu ya waliouawa njiani imemfuata. Atafungwa kamba, apelekwe kwa mwombaji au mganga, na huko atakaa bila maji. Tiba ya hali hii inajulikana tangu zamani, nayo ni rahisi na ya bei ndogo: diazepamu ya kutuliza mfumo wa fahamu, vitamini B1, maji, na mtu wa kumwangalia usiku. Dawa hizi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu. Swali ni kama zipo kwenye kabati la kituo cha karibu usiku ule, na kama muuguzi wa zamu amefundishwa kuitambua hali hiyo.

Hapo tunagusa upungufu mkubwa kuliko wote. Uganda ina watu karibu milioni 46 kwa sensa ya 2024, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili hawafiki mia moja. Hospitali ya Taifa ya Butabika, yenye wodi ya pombe na dawa za kulevya, na yenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyofunguliwa 2020, iko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, kupitia daraja la Pakwach na Karuma. Tanzania ilianza methadoni hospitali ya Muhimbili mwaka 2011; Kenya, hospitali ya Mathari, mwishoni mwa 2014. Hatua hizo zilihitajika pwani na mijini, ambako heroini ipo. West Nile inahitaji kitu cha kawaida zaidi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha akili, na kazi kubwa inafanywa na wauguzi na matabibu wachache waliosomea fani hiyo. Wao ndio mfumo wenyewe. Mmoja akihamishwa, wilaya nzima inabaki bila mtu.

Lakini ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kufundishwa kusaidia upo hapahapa. Huko Rhino Camp watafiti walijaribu kozi fupi ya kupunguza mawazo mazito iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kusimamiwa na waelekezaji wasio wataalamu, wakiwafuatilia wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini; matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha dhiki ilipungua. Baadaye wakaingia kwenye swali gumu zaidi, yaani jinsi ya kuwasaidia wanaume wanaokunywa kupita kiasi, kwa vikao vichache vya ushauri vinavyoongozwa na mtu wa jamii hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake kwa wahudumu wasio wataalamu, na lina dodoso la maswali kumi kuhusu unywaji ambalo muuguzi hulimaliza kwa dakika tatu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni, inataka huduma hii ishuke hadi vituo vya chini.

Kinachokosekana ni dawa, na dawa hufuata karatasi. Kituo cha ngazi ya pili au ya tatu Uganda hakijiagizii dawa. Hupokea kasha lililopangwa kutoka Bohari Kuu ya Dawa. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuomba kasha la eneo lake libadilishwe, ila aje na takwimu. Kwa hiyo kuandika «pombe» kando ya «ajali» ndiko kunakoleta diazepamu miezi sita baadaye. Maswali kumi kwa kila anayekuja na jeraha la usiku, kifafa kipya au ini lililovimba, kwa mwaka mmoja, katika vituo vya Koboko na Arua peke yake, yangeipa wilaya hoja ambayo Bunge halikuwa nayo Novemba 2024.

Yapo mambo ambayo wilaya haiwezi peke yake. Mgonjwa wa Lobule hurudi Kongo kupanda, mgonjwa Mkakwa huenda kuzika Yei, na matibabu ya ulevi yanahitaji miezi ya kufuatiliwa. Mwaka 2018 hadi 2020, Ebola ilipokuwa Kongo, mahema yalisimamishwa kwenye mipaka ya West Nile, watu wakanawa mikono na kupimwa joto, na wahudumu wa pande zote mbili wakapashana habari za wagonjwa. Walikubaliana haraka kwa sababu kila upande uliogopa. Ofisi za afya za Aru (Kongo), Koboko na Yei (Sudan Kusini) zinaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo: kadi moja ya mgonjwa, inayosomeka kwa Kiswahili, inayoeleza amepewa nini, lini, na nani amwone akivuka.